Raifo imeanza kukupiga bega kuliko zamani baada ya kubadilishiwa vifaa? Anzia kwenye ganda

Umebadilisha kitako, mtutu, mpira wa kitako au breki ya mdomo wa mtutu, na sasa raifo yako ya bolti inakupiga bega isivyo kawaida. Usikimbilie spana. Tafuta kwanza ganda la risasi ya mwisho uliyopiga, kwa sababu ndilo litakaloonyesha kama shida iko kwenye namna bega linavyopokea msukumo au ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Ya kwanza inaumiza tu. Ya pili inaweza kupasua bunduki ikiwa umeiegemeza shavuni.

Toa risasi zote, chomoa bolti, tazama chemba kwa jicho kisha ihakikishe kwa kidole. Elekeza chemba kwenye mwanga na uchungulie mtutu mzima kuanzia nyuma. Kitambaa cha kusafishia kilichosahaulika au grisi nzito huzuia njia ya risasi na kupandisha shinikizo. Ukiona kivuli cha duara ndani ya mtutu, kama pete, mtutu huo umeshavimba na haufai kupigwa tena.

Sasa shika ganda. Geuza kitako chake juu, uliweke kando ya ganda la risasi za aina ileile lililopigwa kabla ya mabadiliko. Tafuta fataki (kile kidonge cha chuma katikati ya kitako cha ganda kinachowasha baruti) iliyobapa hadi kingo zake zikajaza kishimo, fataki iliyotoboka, au alama ng'avu mahali pini ya kurusha ganda inapogusa. Kumbuka pia kama bolti ilikuwa ngumu kunyanyuka. Fataki bapa peke yake haitoshi kuhukumu, maana zipo fataki laini zinazobapa hata kwa shinikizo la kawaida. Ndiyo sababu ganda la zamani linahitajika. Lakini fataki bapa ikiambatana na bolti ngumu, au fataki ikitoboka, acha kupiga. Hakuna risasi moja zaidi ya kuhakikisha.

Hali hiyo mara nyingi hufuata mtutu mpya. Risasi za kujaza nyumbani zilizopimwa kwa mtutu wa zamani zinaweza kuzidi kwenye mtutu mpya, hasa kama kichwa cha risasi sasa kinagusa mifereji ya ndani ya mtutu kabla hata hakijaanza safari. Kina cha chemba nacho hukaguliwa kwa geji mbili: moja bolti ifunge juu yake, nyingine ikatae. Kwa risasi zenye mkanda, yaani pete nene inayozunguka ganda karibu na kitako chake, kama .375 H&H Magnum iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912 na ambayo hadi leo inabebwa sana katika uwindaji wa wanyama wakubwa Tanzania, tafuta mstari ng'avu unaozunguka ganda juu kidogo ya mkanda. Mstari huo unamaanisha ganda linavutika, na karibu litakatika. Kazi ya chemba ni ya fundi mwenye leseni na geji, si ya karakana ya nyumbani.

Ganda likiwa halina dalili hizo, hamia kwenye uzito. Chukua .375 inayorusha kichwa cha gramu 19.4 kwa mita 770 kwa sekunde, na baruti gramu 5. Raifo ya kilo 4.2 pamoja na darubini hurudi na nishati ya takriban jouli 56. Vua kitako cha mti, weka cha nyuzi za kaboni, ubaki na kilo 3.5: jouli zinapanda hadi 67, asilimia 20 zaidi, kwa risasi ileile. Hapo hakuna kilichoharibika. Umenunua wepesi na bega ndilo linalolipa. Breki ya mdomo nayo, ikiwa nzuri, hupunguza theluthi hadi nusu ya nishati hiyo, kwa hiyo aliyeivua atashtuka. Aliyeifunga akaona haisaidii akague kama imelegea, na kama tundu lake limenyooka na mtutu. Alama ya risasi ndani ya breki inamaanisha vichwa vinaigusa. Ifungue kabla ya kupiga tena. Breki pia huongeza kelele kwa aliye pembeni, kwa hiyo mfuatiliaji asisimame ubavuni mwa mdomo wa mtutu, hata akiwa amevaa kinga ya masikio.

Kitako kipya kina kosa ambalo wengi hawalioni. Chini ya chuma (mwili wa bunduki unaobeba bolti na kushika mtutu), mbele, kuna jino linalopokea msukumo na kuupeleka kwenye kitako. Uso wa nyuma wa jino hilo ukikosa kuegemea vizuri, chuma hupata mwendo kwanza ndipo kigonge, na unachokisikia begani ni pigo kali la ghafla badala ya kusukumwa. Kitako cha mti huanza kupasuka nyuma ya mkia wa chuma au karibu na magazini. Kupima ni rahisi: paka uso wa nyuma wa jino masizi ya mshumaa, funga chuma kwenye kitako, kaza, kisha fungua tena. Masizi yanatakiwa kuhamia kitakoni karibu kwa upana wote wa jino. Yakihamia pembe moja tu, fundi aweke tabaka la epoksi. Nyuma ya mkia wa chuma ibaki nafasi ndogo, unene wa karatasi mbili au zaidi, ili mkia usipokee pigo badala ya jino.

Skurubu zikazwe kwa spana yenye kipimo. Kwa vitako vya mti vingi ni karibu Nm (nyutoni-mita) 4.5 hadi 5, na vyenye nguzo au fremu ya alumini hufika Nm 7. Karatasi ya mtengenezaji ikisema tofauti, ifuate hiyo. Weka kidole kwenye maungio ya mtutu na kitako, mwenzako akilegeza skurubu ya mbele. Ukisikia chuma kinaruka, kimekaa kwa kulazimishwa. Na ukikuta bolti inakwaruza baada ya kukaza, skurubu ya mbele ni ndefu mno: imegota kwenye bolti, inaonekana imekaza kumbe kitako kinacheza.

Yakibaki ya mwili, pima kutoka triga hadi mwisho wa kitako. Sentimita 34 hadi 35 huwafaa watu wengi. Kitako kifupi hukuleta karibu na darubini, na kwa .375 jicho likae angalau sentimita 9 nyuma ya kioo, la sivyo nyusi zitachanika. Mpira wa kitako uliokauka badilisha.

Jaribio ni risasi za kiwandani za aina moja, moja moja, ukiwa umesimama umeegemea tegemeo. Kwenye meza mwili hauwezi kurudi nyuma, na hata bunduki nzima hukuumiza. Baada ya kila risasi soma ganda na uangalie skurubu kama zimehama kwenye alama ya wino uliyozichorea baada ya kukaza. Ukimpelekea fundi, mpe maganda hayo kwa mpangilio wake, la zamani likiwemo, na orodha ya kila kifaa kilichobadilishwa. Mtutu mpya ukiathiri namba ya usajili wa bunduki, ulizia kwa polisi waliotoa leseni kabla ya kuufunga.