Una 69? Hakuna wa kukuongezea hiyo moja

Kila msimu wa matokeo, swali la Waganda wanaosoma masta Uingereza ni lile lile: "Nina 69.3, nimwandikie profesa gani anisukume kidogo nifike 70, nipate distinksheni, daraja la juu kabisa?" Usimwandikie yeyote.

Watu wanadhani bodi ya mitihani humwonea huruma aliye mpakani, yaani aliyekosa daraja la juu kwa maksi chache. Kwa kawaida bodi huona namba za watahiniwa, si majina. Maksi zimeshasahihishwa na kuhakikiwa, na mtahini wa nje, mhadhiri wa chuo kingine, ameshapitia sampuli. Kinachoweza kubadilika ni daraja, tena kwa kanuni iliyoandikwa kabla hujaanza masomo.

Mpangilio wa kawaida ni huu: masta ina krediti 180 (krediti ni uzito wa somo), tasnifu ikibeba 60. Wastani wa 70 ni distinksheni, 60 ni meriti, 50 umefaulu. Vyuo vingi vyenye eneo la mpaka huliweka 68 hadi 69.99, na aliyemo hupanda daraja ikiwa angalau nusu ya krediti zake, yaani 90, zina maksi 70 au zaidi.

Chukua kalamu. Mwanafunzi wa kwanza ana masomo manane ya krediti 15: 72, 70, 66, 65, 68, 64, 67, 69. Tasnifu kapata 71. Zidisha kila maksi kwa krediti zake, jumlisha, gawa kwa 180: wastani 68.75. Krediti zilizofika 70 ni 30 za masomo na 60 za tasnifu, jumla 90. Anapata distinksheni. Wa pili ana masomo manne ya 70, manne ya 69, na tasnifu ya 69. Wastani wake ni 69.33, kampita mwenzake, lakini krediti zilizofika 70 ni 60 tu. Anabaki na meriti. Huyu ndiye hulalamika kuwa kaonewa, na kanuni hajawahi kuifungua! Na yule wa kwanza, ile 70 yake ingekuwa 69, angebaki na krediti 75, naye angekwama.

Kwa hiyo acha kubembeleza, piga hesabu mapema. Maksi 3 za tasnifu hupandisha wastani kwa 1. Katika somo la krediti 15 unahitaji maksi 12 kupata hiyo hiyo 1. Halafu soma kanuni za chuo chako, za mwaka ulioingia, si za rafiki yako aliye mji mwingine. Kuna vyuo vinavyokadiria 69.5 kuwa 70, vingine havikadirii. Kuna vinavyotaka tasnifu yenyewe ifike 70. Kuna visivyo na mpaka kabisa.

"Nitakata rufaa wasahihishe upya." Uamuzi wa kitaaluma haukatiwi rufaa. Rufaa husimama kwa kosa la utaratibu, au dharura ambayo kwa sababu nzito hukuweza kuitaja mapema.

"Niliugua, wataniongezea." Mara nyingi unachopewa ni muda, au nafasi ya kufanya upya kama mara ya kwanza. Fomu na ushahidi viende kabla bodi haijakaa; barua ya kliniki ya Ntinda, Kampala, iliyoandikwa baada ya matokeo haikufikishi mbali.

"Nitaritake ile ya 52." Somo ulilofaulu kwa kawaida halirudiwi. Ulilofeli ukilirudia, maksi mara nyingi hukomea 50, na hiyo 50 ndiyo inayoingia kwenye wastani.

"65 ni C+." Ni C+ Makerere, ambako A huanzia 80 na masta hufaulu kwa 60. Uingereza 65 ni meriti, na 80 huonekana kwa nadra. Mwenye 58 anapiga simu nyumbani akilia, kumbe kafaulu. Ukirudi kuomba kazi Kampala, kwenye wasifu andika daraja pamoja na kipimo chake, "Meriti, 60 hadi 69", maana 66 iliyosimama peke yake itasomwa kwa macho ya Makerere.