Kwa nini kompyuta ya zamani yenye Linux huganda nusu dakika, kisha ikaendelea kama kawaida?

Unafungua faili, taa ya diski inawaka na haizimi. Mshale wa kipanya bado unasogea, lakini hakuna dirisha linalofunguka wala herufi inayotokea. Unahesabu hadi 20, pengine hadi 30. Ghafla kila kitu kinarudi, na ile faili uliyoibofya mara tatu kwa kukosa subira inafunguka mara tatu. Ukiandika dmesg kwenye terminali, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli (programu ya msingi ya Linux), unakuta mistari kama hii, ambamo hda ni jina la diski:

hda: dma_timer_expiry: dma status == 0x21
hda: DMA timeout error
hda: DMA disabled

Wengi wakiisoma huamua palepale kwamba diski imekufa. Huenda ni kweli, lakini mara nyingi sivyo, na inauma kuona diski nzima ikitupwa kwa kosa la kebo.

Tuanze na DMA yenyewe, yaani Direct Memory Access, njia ya data kufika kwenye memori moja kwa moja. Kwenye mfumo wa kale zaidi, uitwao PIO, prosesa ndiyo iliyobeba data kutoka kwenye diski, biti 16 kwa safari moja. PIO ya daraja la 4 haivuki megabaiti 16.6 kwa sekunde, na muda huo wote prosesa imefungwa kwenye kazi ya upagazi. DMA iliiondolea mzigo huo. Prosesa inakipa kidhibiti cha diski orodha ya sehemu za memori, kisha inaenda kufanya shughuli nyingine. Data inapita kati ya diski na memori bila kupitia kwake. Kazi ikiisha, kidhibiti kinaipigia prosesa kengele.

Kengele hiyo ndiyo kiini cha mambo. Kerneli ikishatoa agizo huweka saa: sekunde 20 hivi kwenye draiva (programu za kuendesha vifaa) za kale za IDE, aina ya zamani ya kuunganisha diski kwa kebo bapa, na sekunde 30 kwenye libata, mfumo mpya uliochukua nafasi yake. Saa ikiisha kabla ya kengele kulia, unapata huo ujumbe. Kwa hiyo hapa hakuna aliyeripoti hitilafu. Kilichopo ni ukimya, na kerneli inakueleza tu kwamba imechoka kungoja.

Lakini hata ukimya huo una maelezo ndani yake. Chukua ile 0x21. Ni jumla ya 0x20 na 0x01. Ya kwanza ni alama kwamba diski ya kwanza kwenye kebo imewekwa kutumia DMA. Ya pili inasema usafirishaji bado unaendelea. Kungekuwa na kosa, ungeiona 0x02. Kengele ingekuwa imelia, ungeiona 0x04. Hazimo. Kidhibiti kinasema: bado nangoja.

Mara nyingi chini yake kuna mstari mwingine wenye status=0x58, na hayo ni maneno ya diski yenyewe. Yagawanye: 0x40, niko tayari; 0x10, kichwa kimetulia mahali pake; 0x08, kuna data ya kupitishwa. Diski inangoja, kidhibiti nacho kinangoja, kila mmoja upande wake wa mlango. Hapo mtu makini huanza kukishuku kilicho katikati yao kabla ya kuilaumu diski.

Linganisha na ujumbe wa aina nyingine, unaoanza na dma_intr na kubeba status=0x51. Hapo kengele imelia, na diski inalalamika waziwazi. Ukifuatiwa na error=0x84, data imefika ikiwa imeharibika njiani na hesabu ya uhakiki haikukubali: tazama kebo. Ukifuatiwa na error=0x40, diski imeshindwa kusoma sehemu ya sahani zake zenyewe. Huo ndio wa kuogopa. Nakili mafaili yako siku hiyohiyo, kabla ya jaribio lolote. Kwa kweli, nakili hata kama ujumbe ni wa ukimya tu, maana utakayoyafanya baadaye yanaigusa diski.

Sasa kebo. Kebo bapa za IDE ni za aina mbili, na vichwa vyake vyote vina nafasi za pini 40, ndiyo maana watu huzichanganya. Ya zamani ina nyaya 40. Inafaa hadi UDMA (DMA ya kasi zaidi) ya daraja la 2, yaani megabaiti 33 kwa sekunde. Ya pili ina nyaya 80, nyembamba sana. Ukipitisha ukucha juu yake utahisi mistari iliyosongamana kuliko kwenye ile ya kwanza. Nyaya 40 za ziada hazibebi data. Zote ni za ardhi, zimelazwa moja kati ya kila nyaya mbili za ishara ili ishara zisivujiane. Bila hizo, megabaiti 66, 100 au 133 kwa sekunde hazipiti salama. Kwenye kebo ya nyaya 80 kichwa cha buluu huenda kwenye ubao mama, cheusi kwenye diski ya kwanza, cha kijivu kwenye ya pili. Urefu usizidi inchi 18, yaani sentimita 46 hivi. Kebo iliyokunjwa kwa nguvu ili kifuniko kifunge ni mshukiwa, hata kama kwa macho haina jeraha. Ukiwa hapo ndani, hakikisha jampa (vifuniko vidogo vya pini vinavyoamua kifaa kipi ni cha kwanza na kipi cha pili) za vifaa viwili vya kebo moja hazigombani, na kama unayo pawasaplai nyingine, ijaribu: umeme ukiyumba, diski hunyamaza vilevile.

Kuna kisa kimoja kinachowasumbua sana wanaofufua mashine za kale kwa kuweka kadi ya memori ya CompactFlash badala ya diski. Kadi inatangaza kwamba inaweza DMA, na haidanganyi. Ila adapta nyingi hazikuunganisha nyaya mbili zinazotumika kuomba na kukubali usafirishaji huo. Kerneli inaiamini kadi, inaanzisha DMA, na ombi halifiki kamwe. Ukiwasha mashine, inaganda na kuganda. Tiba ni kubadilisha adapta, au kuongeza libata.dma=3 kwenye mstari wa kuwashia kerneli: hiyo inaruhusu DMA kwa diski na CD lakini inaizima kwa CompactFlash.

Kabla ya kubadilisha chochote, uliza diski inajisikiaje: smartctl -a /dev/hda. Namba 5, 197 na 198 zinahesabu sekta zilizohamishwa, zinazosubiri kuamuliwa, na zisizosomeka. Zikipanda, tafuta diski nyingine. Namba 199 inahesabu makosa ya njiani, na hairudi nyuma hata ukiweka kebo mpya. Iandike mahali, kisha tazama kama inaongezeka.

Ule mstari wa mwisho, DMA disabled, unaeleza kwa nini kompyuta hubaki nzito hata baada ya kuzinduka: kerneli imerudi kwenye PIO. Amri hdparm -d /dev/hda inaonyesha hali ilivyo, na hdparm -d1 inaiwasha tena. Ikikataa ikisema huna ruhusa ilhali wewe ni root, mtumiaji mkuu, kwa kawaida kerneli inatumia draiva ya jumla badala ya ile ya chipu za ubao wako. Kama DMA inawaka lakini tatizo linarudi, shusha kasi: hdparm -d1 -X udma2. Itumie -X kwa uangalifu, maana kasi isiyofaa inaweza kuharibu data. Kushuka ni salama zaidi kuliko kupanda, na megabaiti 33 zilizo imara ni bora mara nyingi kuliko 100 zinazoganda.

Kwenye kerneli za karibuni hutaiona hda tena. Draiva za kale za IDE ziliondolewa katika Linux 5.14, mwaka 2021, na diski hizo sasa huitwa sda. Ujumbe nao umebadilika: tafuta maneno exception Emask na frozen. libata hushusha kasi yenyewe makosa yakizidi, nawe unaweza kuilazimisha kwa libata.force=1.00:udma/33, ukitaja namba ya kifaa iliyo kwenye ujumbe wako.

Ukishabadilisha kebo, pima kasi ya kusoma kwa hdparm -t mara tatu au nne mfululizo, nakili faili moja kubwa kwenda na kurudi, kisha soma tena dmesg na ile namba 199 uliyoiandika.