Ukienda Kempu Porini, Simba Sio Shida Yako, Shida ni Ile Kuku Umebeba

Kila wikendi ndefu ikikaribia naulizwa swali moja, na kwa vile kazi yangu hapa Nairobi ni elimu ya wanyamapori kwa umma nimelizoea: hivi simba hawezi ingia kwa tenti? Watu hupiga simu wakiwa washalipia gari, makaa iko kwa buti, mbuzi ashalipiwa deposti, ndio sasa wanakumbuka kuuliza. Jibu langu huwa linawakera kidogo juu nawarudishia swali, chakula mtaweka wapi?

Simba akipita kempu usiku, mara nyingi tenti iliyofungwa zipu anaiona kama kitu kimoja kikubwa tu, kama kichuguu hivi, anapita zake. Sijasema ulale mlango wazi ndio upate hewa, tafadhali funga hiyo zipu mpaka mwisho. Lakini wanaotuletea kazi kweli kweli ni wale wanaofuata harufu.

Mchana ni nyani. Kuna Jumamosi nilikuwa Naivasha na familia, mpwa wangu akaacha ndizi moja, moja tu, ndani ya begi, tukaenda kuendesha baiskeli Hell's Gate. Kurudi tukapata tenti imepasuliwa ubavuni, mlango haujaguswa kabisa, godoro la hewa limeisha pumzi, ndizi imeenda na ganda lake na juu ya mto wangu tumeachiwa malipo, sitasema ni nini ila tulifua. Mimi huyu mwenye nafundisha watu! Nilikuwa nimeuliza "mmetoa chakula?" wakasema ndio, sikuangalia.

Usiku ni zamu ya fisi. Fisi hachagui, sufuria haijaoshwa anabeba, kiatu cha ngozi kimeachwa nje anabeba, na ukizika mifupa ya nyama choma unampa tu kazi ya kufukua. Halafu kuna tembo. Watafiti walihesabu jeni za kunusa za tembo wa Afrika wakapata karibu 2,000, mbwa hana hata nusu ya hizo, kwa hivyo ukienda Amboseli ama Tsavo na machungwa ndani ya tenti usifikirie umeyaficha. Matunda yenye harufu kali kuleni mkiwa njiani, yaishe.

Chakula chote, pamoja na dawa ya meno, sabuni na yale maziwa ya mtoto, kiingie kwa gari, vioo vipandishwe, milango ifungwe. Mabaki weka kwa ndoo yenye mfuniko, ile ya rangi ya lita 20 ukiiosha vizuri inatosha sana, urudi nayo Nairobi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa, kwa hivyo chupa ndogo za maji, sahani na vikombe vya plastiki viache nyumbani, utaambiwa uviache getini uanze kulalamika bure.

Na usimrushie nyani mkate ndio upate picha. Yule akishazoea, mtu wa kesho ni mtoto ameshika andazi, na nyani hataomba. Mwisho wake ni renja kuitwa, na mnyama ndiye hulipa.

Sasa choo, hii watu huona haya kuuliza na ndio ya muhimu. Kempu za KWS, lile shirika la wanyamapori la serikali, ziko aina mbili, zile za umma ambazo kawaida zina choo na maji japo sio hoteli, na zile spesho za kukodi kikundi peke yenu ambazo hupati kitu, ni uwanja na miti. Vyovyote vile, endeni choo pamoja kabla ya kulala na mtoto awekewe mkebe ndani ya tenti, hakuna aibu hapo. Ukishikwa usiku wa manane, usitoke mbio. Kaa kwanza usikilize, fungua zipu kidogo, zungusha tochi polepole pande zote ukitafuta macho yanayong'aa. Ukiona macho, hata kama unajiambia ni swara tu, rudi ndani.

Karibu na maji ogopa kiboko kuliko wote. Huyu ana kilo 1,500 na zaidi, jua likizama anatoka majini kula nyasi, usiku mmoja anaweza maliza kama kilo 40, na akikasirika anakimbia kama kilomita 30 kwa saa, wewe huwezi. Njia yake utaijua, ina mitaro miwili sambamba na kituta cha nyasi katikati, utadhani tuktuk imepita. Usipige tenti hapo hata kama ndio pako sawa zaidi. Ukimsikia nje akila, ni sauti kama ya mtu anararua jinzi kuukuu polepole, nyamaza tu mpaka aende.

Muda nao. Mageti ya mbuga nyingi za KWS hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, ndani mwendo haupiti kilomita 40 kwa saa, sasa wewe utoke Westlands Ijumaa saa 9 mchana na ile jamu ya kwenda Rironi, utafika saa ngapi? Tenti ya kupigwa gizani ndio hupigwa juu ya siafu. Malipo ni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, lipa ukiwa bado na netiwaki. Maasai Mara ni ya kaunti ya Narok, sio ya KWS, ina bei zake na masharti yake, ulizia huko mapema.

Mengine ni haraka haraka. Dawa ya kuzuia malaria uliza kliniki kabla ya safari, wengi wetu wa Nairobi hatuna kinga ya maana. Nguo nyeusi na za buluu ziache, mbung'o wanazipenda sana, muulize mtu amewahi kwenda mbuga ya Ruma.

Na siku ya kuondoka, usiingize mikono chini ya tenti kuikunja. Hapo chini kulikuwa na joto lenu usiku wote, nge na hata kifutu hupenda kujikunyata hapo. Shikeni watu wawili kona za upande mmoja, inueni mkiwa mmesimama mbali, muache kwanza dakika moja, halafu mpige viatu vyenu chini kabla ya kuvaa.