Mkia wa mjusi huota tena, mguu hauoti

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Temeke hadi Sinza, inaaminika kwamba mjusi kafiri akikatika kiungo chochote, kiungo hicho huota upya kikawa kama cha mwanzo. Imani hii ina msingi wake, maana mkia uliodondoka nyuma ya kabati huendelea kufurukuta, na baada ya wiki kadhaa mwenyewe huonekana ukutani akiwa na mkia mwingine.

Hata hivyo, mkia huo wa pili si sawa na wa kwanza. Ndani yake hamna pingili za uti wa mgongo, bali mrija wa gegedu. Na mguu ukikatika hubaki kigutu. Anayeotesha mguu kamili, wenye mifupa, misuli na mishipa ya fahamu, ni salamanda, jamaa wa vyura ambaye hapatikani katika mapori ya Tanzania. Jeraha lake hufunikwa na ngozi, kisha chini yake hukusanyika seli changa ambazo, na hili hunistaajabisha kila nilifikiripo, hujenga kile tu kilichopotea: mkono ukikatika kwenye kifundo, huota kiganja na vidole, ukikatika juu ya kiwiko, huota wote kuanzia hapo.

Anayetaka kuhakikisha na amtazame mjusi usiku karibu na taa ya barazani. Mkia ulioota upya huonyesha ulipoanzia, kwa kuwa madoa ya asili hukoma ghafla na magamba hubadilika mpangilio. Aliyepoteza mguu naye, hata akifuatiliwa kwa miezi, kigutu chake hubaki vilevile.