Uchafu hukimbilia penye sheria legevu: dhana potofu kuhusu biashara ya dunia na mazingira

Betri ya gari ikifa, kwetu haitupwi. Atapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, ataipima, atatoa noti mbili tatu na kuondoka nayo. Ndani yake mna kilo kadhaa za risasi, madini laini na mazito ambayo viwanda vya betri, vya ndani na vya ng'ambo, vinayatafuta kila siku. Betri hiyo nitairudia, kwa sababu hakuna kitu kinachonisaidia kuelewa utandawazi na mazingira kama safari yake kutoka chini ya boneti hadi kwenye tanuri.

Kwa zaidi ya miaka 30 wachumi wamekuwa wakilipima jambo hili kwa takwimu za moshi, za mizigo na hata za uzito wa watoto wachanga. Mengi tunayosema vijiweni, na mengi yanayosemwa na viongozi wetu, hayalingani na walichokikuta.

Dhana: Bidhaa iliyotoka mbali ndiyo inayochafua zaidi

Ndege na meli tunaziona, kwa hiyo ni rahisi kuzitupia lawama. Hesabu inasema vingine. Watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walikusanya takwimu za maelfu ya mashamba duniani, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018 usafirishaji ulichangia takribani asilimia 6 tu ya gesi joto zote zinazotokana na chakula. Sehemu kubwa hutoka mwanzoni kabisa: mbolea, mifugo, mpunga uliofurikishwa maji, msitu uliofyekwa kupata malisho.

Mfano wa kwetu ni waridi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, walilinganisha waridi za Kenya na za Uholanzi zilizouzwa katika soko la Uingereza. Mashina 12,000 ya Kenya, pamoja na safari ya ndege, yalikuwa na takribani kilo 6,000 za hewa ukaa. Idadi hiyohiyo kutoka Uholanzi ilikuwa na takribani kilo 35,000, kwa sababu ua la Uholanzi wakati wa baridi huota ndani ya nyumba ya vioo inayopashwa joto na kumulikwa taa, wakati la Kenya linapata jua la bure. Utafiti huo uliagizwa na wafanyabiashara wa maua, na msomaji ana haki ya kulijua hilo, lakini sababu iliyoleta tofauti ni ya kweli na inaeleweka.

Hata hivyo hesabu ya hewa ukaa haisemi lolote kuhusu Ziwa Naivasha, ambalo kandokando yake waridi nyingi za Kenya hulimwa. Mvuvi wa pale ana maswali mengine: maji kiasi gani yanavutwa kwenda mashambani, na dawa gani zinarudi ziwani mvua ikinyesha. Mnunuzi wa London anayesusa ua la Kenya kwa ajili ya ndege hajalisaidia ziwa. Naivasha inalindwa au kuharibiwa Naivasha, na anayetoa vibali vya maji.

Dhana: Tutajirike kwanza, mazingira yatajisafisha baadaye

Dhana hii ina asili ya kisomi. Mwaka 1991 wachumi Gene Grossman na Alan Krueger, wakichunguza mkataba wa biashara huria wa Amerika ya Kaskazini uliokuwa ukijadiliwa, waliona kwamba salfa dioksidi, gesi chafu ya moshi, katika miji huongezeka nchi inapoanza kukua kiuchumi, kisha hupungua kipato kikishapanda. Ukichora unapata nundu. Wengine wakaiita kwa jina la Simon Kuznets, mchumi ambaye mwaka 1955 alieleza umbo kama hilo kuhusu tofauti za kipato. Tangu hapo nundu hiyo imekuwa kisingizio: vumilieni moshi, neema inakuja.

Waandishi wenyewe hawakusema hivyo. Katika makala yao ya mwaka 1995 walitahadharisha kwamba hakuna sababu ya kuamini kuwa hali hujirekebisha yenyewe; watu wakiwa na kipato hudai hewa safi, na madai hayo yakiwa na nguvu huzaa sheria. Pia nundu inaonekana vizuri kwa moshi unaomkohoza mtu aliye jirani na kiwanda. Kwa hewa ukaa, inayosambaa dunia nzima bila kumwasha mtu koo, haionekani kwa uhakika huo. Na msitu wa asili ukiisha, kipato hakiurudishi.

Sisi wenyewe tumeshaionyesha dhana hii kuwa na kasoro. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa petroli yenye risasi, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondolewa. Hakuna aliyengoja kwanza tufanane na Ujerumani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, wakati nchi nyingi tajiri zilikuwa bado zinajadiliana.

Dhana: Nchi tajiri zimekuwa safi kwa kutuhamishia viwanda vyao vichafu

Hii ni ngumu kuijadili, kwa sababu ndani yake kuna ukweli, na ukweli huo umewagusa watu ninaowahesabu kuwa majirani.

Tuanze na hesabu ya jumla. Mchumi Arik Levinson alichunguza viwanda vya Marekani kati ya 1987 na 2001. Uzalishaji ulipanda kwa kiasi cha robo, na uchafuzi wa hewa ukashuka kwa kiasi kama hicho. Kama kazi chafu zingekuwa zimehamishiwa ng'ambo, ingeonekana kwenye aina ya bidhaa ambazo Marekani iliacha kutengeneza na kuanza kuagiza. Ilionekana kidogo tu. Sehemu kubwa ilitokana na viwanda vilevile kutengeneza bidhaa zilezile kwa njia safi zaidi. Joseph Shapiro na Reed Walker wakaendelea hadi 2008 na kukuta uchafuzi mkuu wa hewa kutoka viwandani umeshuka kwa asilimia 60 tangu 1990, na kilichoushusha hasa kilikuwa sheria kali za mazingira.

Sababu yake si ya ajabu. Kiwanda kikubwa kinatazama umeme, bandari, mafundi, barabara, usalama na ukaribu wa wateja. Kwa viwanda vingi, gharama ya kutii sheria za mazingira ni ndogo ukiilinganisha na hayo yote. Watu wanaotuambia tulegeze sheria ili wawekezaji waje wanatuuzia kitu ambacho ushahidi haukiungi mkono.

Lakini "viwanda vingi" si viwanda vyote. Kuna kazi ambazo uchafu ndio gharama yenyewe, na mtambo wake ni rahisi kuujenga popote. Kuyeyusha betri chakavu ni mojawapo.

Marekani ilikaza kiwango cha risasi kinachoruhusiwa hewani kikawa moja ya kumi ya kile cha awali. Kanuni ikaanza kutumika mwaka 2009. Shinsuke Tanaka, Kensuke Teshima na Eric Verhoogen wakafuatilia kilichotokea upande wa pili wa mpaka. Betri chakavu zilizovuka kwenda Mexico ziliongezeka. Kisha wakatazama kumbukumbu za hospitali: watoto waliozaliwa umbali wa maili mbili kutoka mitambo ya Mexico walianza kuzaliwa na uzito mdogo zaidi, ukilinganisha na waliozaliwa mbali kidogo na mitambo hiyohiyo. Sheria iliyomlinda mtoto mmoja ilimpelekea moshi mtoto mwingine. Nimesoma tafiti nyingi za uchumi, na chache zimenikaa moyoni kama hii.

Wakati huohuo, Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichosajiliwa chini ya mpango wa EPZ, yaani kuzalisha kwa ajili ya soko la nje. Ukuta wake ulipakana na nyumba za watu. Moshi ulishuka kwenye mabati, mvua ikausomba hadi kwenye ndoo za maji. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, alianza kupaza sauti baada ya mwanawe mchanga kuugua na kukutwa na risasi kwenye damu. Alipigania jambo hilo miaka mingi. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na haikuwabebesha wenye kiwanda peke yao: taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia nazo zilitiwa hatiani. Rufaa ikaibatilisha hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hilo la taasisi ndilo ningependa lisomwe mara mbili. Soko la dunia lilitaka risasi, hiyo ni kweli. Lakini kibali cha kuiyeyusha kando ya vyumba vya kulala kilitolewa hapahapa.

Dhana: Gari la mtumba linasafisha hewa, au linaichafua, basi

Wanaotetea magari ya mtumba husema yanachukua nafasi ya mikweche. Wanaoyapinga husema tunaletewa takataka. Lucas Davis na Matthew Kahn walilichunguza swali hili baada ya Mexico kufungua milango mwaka 2005, na zaidi ya magari milioni 2.5 yaliyotumika kuingia kutoka Marekani katika miaka michache. Yaliyovuka yalikuwa machafu kuliko wastani wa Marekani lakini safi kuliko wastani wa Mexico. Kwa hiyo wastani wa moshi kwa kila maili ulishuka katika nchi zote mbili. Wakati huohuo jumla ya moshi ikapanda, maana gari ambalo Marekani lingekwenda kukatwakatwa, Mexico liliendelea kutembea miaka mingi zaidi.

Kwetu mambo ni hayohayo, ila mlango ni Japani. Kule gari linapozeeka, ukaguzi wa lazima unakuwa mzigo kwa mwenye nalo, basi analiuza, nalo linapanda meli kuja Mombasa au Dar es Salaam. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Umri una maana yake, ila hautoshi. Gari la miaka saba ambalo masega ya ekzosi, yale yanayochuja moshi, yamekwisha kung'olewa na kuuzwa, linatoa moshi kuliko gari la miaka 12 lililotunzwa. Hatua iliyoleta nafuu pana zaidi haikugusa magari kabisa: Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta yote yanapita bandarini, na hapo ndipo sheria moja inaligusa kila lori, jipya na kuukuu.

Dhana: Ushuru wa forodha hauhusiani na mazingira

Matokeo haya yaliwashangaza hata wachumi. Mwaka 2021 Joseph Shapiro alionyesha kwamba karibu kila nchi hutoza ushuru mdogo kwa bidhaa chafu na mkubwa kwa bidhaa safi. Hakuna aliyekusudia. Bidhaa chafu huwa mwanzoni mwa mnyororo: chuma, saruji, kemikali. Wenye viwanda wanazihitaji kwa bei nafuu na wanajua kubisha hodi wizarani. Bidhaa ya mwisho, kama shati au kiti, hununuliwa na watu waliotawanyika wasio na msemaji. Shapiro alikadiria kwamba tofauti hiyo ni sawa na ruzuku ya dola bilioni 550 hadi 800 kwa mwaka kwa hewa ukaa.

Ngazi hiyo ipo kwenye ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa kanuni ya jumla malighafi na mitambo hulipa asilimia 0, bidhaa za kati asilimia 10, bidhaa kamili asilimia 25 au, tangu Julai 2022, asilimia 35. Ngazi hii iliwekwa kulinda ajira za viwandani, na sababu hiyo naiheshimu. Ninachotaka ni kwamba wanaokaa mezani kuipanga wajue kuwa wanapanga pia bei ya moshi. Ulaya tayari inaipanga kwa makusudi: tangu Januari 2026 waagizaji wa chuma, saruji, alumini na mbolea wanawajibika kulipia hewa ukaa iliyotolewa wakati wa kuvitengeneza.

Dhana: Mwanakijiji hukata msitu kwa kukosa elimu

Kati ya 2011 na 2013 mchumi Seema Jayachandran na wenzake walifanya jaribio katika vijiji 121 vya Hoima na Kibaale, magharibi mwa Uganda. Katika nusu ya vijiji hivyo, wenye msitu waliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka wakiacha kukata miti. Katika vijiji visivyopewa ahadi hiyo, eneo la miti lilipungua kwa asilimia 9.1. Katika vijiji vilivyoahidiwa lilipungua kwa asilimia 4.2. Hawakufundishwa kitu kipya kuhusu thamani ya mti. Walikuwa wanaijua, na walikuwa wanauza mbao na mkaa kulipia ada za shule na matibabu. Kilichobadilika ni kwamba dunia inayofaidika na msitu huo iliwalipa, kwa kiasi ambacho wakati ule hakikufika dola 30 kwa hekta.