Kupogoa na kurefusha: programu ya chesi inavyoamua iangalie nini

Mweupe ana njia 20 za kuanza mchezo wa chesi, na mweusi 20 za kumjibu. Kila mmoja akicheza mara ya pili, njia zimefika 197,281. Mweupe akiongeza hatua moja tu, ni 4,865,609. Kompyuta inayokagua zote haifiki mbali, hata iwe na kasi gani. Ndiyo maana programu hupogoa: hukata matawi ambayo haina sababu ya kuyafuata.

Upogoaji wa msingi huitwa alfa-beta. Mzee anayecheza drafti chini ya mwembe pale Ujiji anaujua bila kuusomea. Ameshapata hatua moja inayomwacha salama. Anaijaribu nyingine kichwani, anaona jibu moja tu litakalomla kete mbili. Basi, hiyo kaitupa. Majibu mengine ya nini? Uzuri wake ni kwamba alfa-beta haipotezi kitu: jibu ni lile lile ambalo lingepatikana kwa kukagua matawi yote. Ila hatua nzuri zianze kukaguliwa, la sivyo faida inakuwa ndogo.

Mbinu nyingine ni za kubahatisha. Mojawapo ni kuruka zamu: programu inajifanya haichezi, inampa mpinzani hatua mbili mfululizo. Ikiwa bado iko vizuri, inakata tawi. Mara nyingi inapatia, kwa sababu katika chesi kuwa na zamu kwa kawaida ni faida. Kwa kawaida, si siku zote. Weka mfalme mweupe d6 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni safu mlalo), askari wake e7, na mfalme mweusi e8, zamu ya mweusi. Nafasi pekee aliyo nayo ni f7. Mweupe anaingia d7, na askari anakwenda kufika mwisho wa ubao na kuwa malkia. Mweusi angeruhusiwa kukaa kimya, mchezo ungeisha sare! Programu inayoruka zamu hapa inajidanganya, kwa hiyo nyingi huizima mbinu hii upande wenye zamu ukibaki na mfalme na askari tu.

Kurefusha ni kinyume chake. Programu iliyopangiwa hatua kumi ikisimama pale malkia alipokula askari, itashangilia, kumbe hatua ya kumi na moja malkia analiwa. Hivyo mwisho wa tawi huendelea kufuatilia ulaji wa kete mpaka vurugu itulie. Mfalme akitishiwa, nyingi huongeza hatua moja. Watengenezaji wa Deep Thought, mashine iliyotangulia Deep Blue iliyomshinda bingwa wa dunia Kasparov mwaka 1997, waliongeza jingine: hatua moja ikionekana bora kuliko zote kwa mbali, ichimbwe zaidi, maana ikiwa na kasoro hakuna ya kushika nafasi yake. Kwangu hilo ndilo wazo zuri kuliko yote, japo ni ghali. Marefusho yakirundikana kwenye tawi moja muda unaisha, kwa hiyo huwekewa kikomo.