Je, wajua kwa nini dungusi ya kwenye kopo hunenepa bila kutoa ua?

Jibu fupi: kwa sababu ilinyweshwa Julai.

Dungusi, au kaktasi kama wauza maua wengi wanavyoiita, ni mmea wa Amerika. Ukitoa aina moja tu inayoning'inia kwenye miti ya misitu, ambayo hata Afrika ipo, jamii yote asili yake ni huko, kuanzia Kanada hadi kusini mwa Argentina. Zile ndogo za mviringo, zenye ukubwa wa ndimu au chungwa, mara nyingi ni Mammillaria za Mexico au Gymnocalycium za Argentina, Paraguay na majirani zao. Huko kwao mvua hunyesha wakati wa joto, kisha hufuata miezi ya baridi na ukavu. Miezi hiyo mmea husinyaa kidogo, vijizizi vyake vyembamba hukauka, ukuaji husimama, na hapo ndipo maua hujiandaa. Mmea unaopewa maji mwaka mzima haupati mapumziko hayo, kwa hiyo nguvu zake zote huishia kwenye mwili.

Sasa angalia kalenda ya Mtwara na Lindi. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei, halafu kusi huvuma na kipupwe kikavu huingia. Mpangilio huu unaifaa dungusi kuliko wa Dar es Salaam au Tanga, ambako kuna vuli na masika. Tatizo ni maelekezo yanayosomwa mtandaoni, ambayo mengi yameandikwa Ulaya na Marekani. Yanasema mmea upumzishwe Novemba hadi Februari na umwagiliwe Mei hadi Septemba. Ukiyafuata jinsi yalivyo ukiwa Mikindani, utaukausha Januari unapotaka kukua na kuunywesha Julai unapotaka kulala. Yasogeze miezi sita, yatakaa sawa.

Jambo moja halisogezeki: baridi. Maelekezo hayo hutaka usiku wa nyuzi 10 hivi, na Mtwara mjini hata Julai usiku huzungukia nyuzi 20. Kwa hiyo pwani tunabaki na ukavu na mwanga tu, na aina ya mmea inakuwa na uzito mkubwa. Gymnocalycium nyingi huchanua bila baridi kali, na Mammillaria prolifera, ile inayozaa vichwa vingi kama vifaranga, nayo si ngumu. Rebutia, ambazo ni za milima ya Andes, tunashauri aliye pwani aziache. Aliye Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde ambako usiku kuna ubaridi, anaweza kujaribu.

Kabla ya ua, lakini, mmea uwe hai, na pwani unaoua ni uozo. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana. Dungusi hufungua usiku ili isipoteze maji kwenye jua. Usiku wa pwani hewa imejaa unyevu, hivyo maji yanayotoka mwilini ni kidogo, na mmea nao hunywa kidogo. Matokeo yake udongo ule ule ambao Dodoma ungekauka kwa siku nne, hapa unaweza kukaa na maji zaidi ya wiki. Mizizi hukosa hewa, hufa, kuvu huingia, na uozo hupanda kutoka chini. Unapouona juu, kazi imekwisha zamani.

Dawa yake ni mchanganyiko wa udongo. Chukua vikombe 2 vya mchanga mnene wa mto, kikombe 1 cha matofali ya kuchoma yaliyopondwa yawe kama punje za mahindi na mchele, na kikombe 1 cha mboji iliyooza vizuri. Mchanga na matofali yapitishe kwanza kwenye chekeche ya unga: kinachopita kimwage, kinachobaki ndicho chako, kisha kioshe mpaka maji yatoke meupe. Lile vumbi ndilo huziba njia za hewa. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukiuosha mara tatu, maana una chumvi na vipande vya makombe, na dungusi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Jivu usitie kwa sababu hiyo hiyo. Maganda ya korosho nayo yaache kiwandani, mafuta yake huchubua hata ngozi ya mtu.

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni bora kuliko plastiki, kwa kuwa hutoa unyevu ubavuni. Upana wake uzidi mmea kwa sentimita 2 au 3 tu. Udongo usio na mizizi hubaki na maji. Kitako kiwe na tundu, juu yake weka kipande cha chandarua chakavu. Wengi hutandika kokoto chini wakidhani zinasaidia kuchuja. Hazisaidii, zinapunguza tu kina cha udongo na kuusogeza unyevu karibu na mizizi.

Kupanda: mshike mmea kwa ukanda wa gazeti uliokunjwa mara tatu, tikisa udongo wa zamani, kata mizizi iliyolainika, panda, kisha usimwagilie kwa siku 7. Mizizi iliyokatika ikilowa kabla ya kukauka ndiyo mlango wa kuvu.

Kujua wakati wa maji, tumia chelewa. Chomeka ukuti mmoja wa ufagio hadi chini ya chungu, uache dakika 5, uchomoe. Ukitoka na punje za udongo zimeganda, ahirisha. Ukitoka mkavu, mwagilia mpaka maji yatokee tundu la chini. Chungu cha sentimita 8 huchukua kama theluthi ya kikombe cha chai. Maji ya kisahani yamwage. Oktoba na Novemba, jua likiwa kali, hii huwa kila siku 6 hivi. Desemba hadi Aprili mmea uwe chini ya paa, na mara nyingi siku 10 au 12 hupita. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo, kwani visima vingi vya pwani vina chumvi au chokaa, na utaiona kama ukungu mweupe kwenye ukingo wa chungu. Kwenye msimu huu wa kukua, mara moja kwa mwezi, koroga robo ya kijiko cha chai cha mbolea ya NPK 17-17-17 kwenye lita 1 ya maji. Urea hapana: mwili utavimba, utalainika, na hata kupasuka.

Mei punguza. Juni, Julai na Agosti toa vijiko viwili vya chakula vya maji kila baada ya wiki 3 au 4, basi. Mmea utanywea na kuonekana kama umesahauliwa, na hapa ndipo wengi huona huruma wakaharibu. Septemba utazame kwa karibu. Kwenye Mammillaria, vitone vyekundu au vya waridi hujipanga kuzunguka utosi kama kilemba, katikati ya vinundu. Miche huchipukia chini zaidi, ubavuni. Ukiviona, anza maji kwa nusu kipimo, maana vijizizi vinaota upya, na usihamishe chungu.

Mwanga: jua la asubuhi kwa muda wa saa 4 hadi 5, kibaraza cha mashariki ni pazuri kabisa. Dirisha lenye wavu wa mbu na kioo cha rangi halitoshi. Utosi hurefuka na kuchongoka, rangi hufifia, na umbo hilo halirudi. Mmea uliotoka ndani usiupeleke ghafla kwenye jua la saa sita. Uzoeze wiki 2, ukianza na saa moja kwa siku. Jua la ghafla huacha kovu la rangi ya karatasi, nalo halifutiki.

Vidung'ata, wale weupe kama pamba wanaofahamika na wakulima wa mihogo, hujificha kati ya miiba na hata mizizini. Waguse kwa pamba yenye spiriti, rudia baada ya siku 7. Uozo ukishaanza, kata juu kwa kisu kilichofutwa spiriti, endelea kukata mpaka pete ya katikati isiwe na doa la kahawia. Kisha tafuta salfa ya unga, ile ile inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Hapa Kusini haikosekani. Paka kidogo kwenye kidonda, ziba pua kwa kitambaa, weka kivulini siku 10 mpaka kikauke ndipo upande.

Kuna dungusi huuzwa zikiwa na ua utosini, kavu kama karatasi, halinyauki mwezi mzima. Hilo limebandikwa kwa gundi. Ua la kweli la Mammillaria hufunguka kwenye saa nne asubuhi, hujifunga jioni, na kwa siku chache hurudia hivyo. Vile vichwa vyekundu au vya njano vilivyokaa juu ya shina la kijani navyo vimeunganishwa. Havina ukijani wa kujilisha, vinategemea shina la chini, na mara nyingi havidumu miaka mingi. Na ukikata kipande kikatoka utomvu mweupe kama maziwa, hiyo mara nyingi si dungusi bali ni jamii ya mnyaa, ingawa baadhi ya Mammillaria nazo hutoa utomvu kama huo. Nawa mikono kabla ya kugusa macho.